Jinsi ya Kupunguza Ajali za Jiji Bila Kugusa Barabara

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeteuliwa juzi kuandaa taarifa ya mwaka ya ajali za barabarani jijini Dar es Salaam. Hongera sana. Kazi uliyopewa si ngumu kama wanavyokutisha. Mwisho wa mwaka utasimama mbele ya maikrofoni nyingi, utafungua faili, na utatamka kwamba ajali zimepungua. Zitapunguaje, hilo ni juu yako, na ndiyo maana tumekuandikia. Barabara zenyewe ziache kama zilivyo. Zina wenyewe: kuu ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA, na wote hao wana taarifa zao za mwaka za kuandaa.

Kwanza elewa ajali ni nini. Wananchi wana dhana kwamba ajali ni chombo cha moto kumgonga mtu au kitu. Ukiwafuata hao, utahesabu usimalize. Tuchukue mfano wa kila siku. Saa kumi na mbili na nusu jioni, Tabata Relini, bodaboda anapenya katikati ya foleni akiwa na abiria, dada aliyepakata mfuko wa nyanya. Noah inahama kidogo kushoto, kioo cha pembeni kinamkwangua dada, pikipiki inayumba, wote wawili chini. Kufumba na kufumbua bodaboda wenzake wamejaa. Mwenye Noah anashuka na simu bado ipo sikioni. Mzee mmoja wa kijiweni anashika usukani wa mazungumzo: "Bosi, tusifike mbali. Mpe dada elfu ishirini ya dawa, kijana atajua mwenyewe na pikipiki yake, yaishe." Dada anatazama goti, anatazama gauni lililochanika, anasikiliza honi za nyuma, anasema haya. Nyanya zilizopona zinaokotwa. Foleni inasogea.

Hapo hakuna fomu ya polisi ya PF3, hakuna mchoro wa trafiki, hakuna namba ya jalada. Usiku goti likivimba, dada ataenda zahanati ya jirani na kusema aliteleza bafuni, maana akitaja gari ataulizwa fomu ya polisi. Sasa, ndugu yangu, hiyo utaiitaje ajali? Huo ni utu, watu wamesuluhishana. Iache.

Ukishazoea kuziacha za namna hiyo, hesabu itajipunguza yenyewe mpaka ushangae. Kwa mwaka 2024 taifa lilitangaziwa ajali 1,735 na vifo 1,715. Soma tena, polepole. Nchi ya watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, malori yote ya Tunduma, mabasi yote ya mikoani, bodaboda wote kuanzia Mbagala mpaka Bunju, na ajali ni 1,735, kwa wastani karibu maiti mmoja kwa kila ajali. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema barabara za dunia huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka na kuwajeruhi wengine kati ya milioni 20 na milioni 50. Yaani kwingineko, kwa kila anayekufa, wapo wengi wanaovunjika mguu na kurudi nyumbani. Kwetu, ukizifuata karatasi, ajali isiyoua ni kama haipo. Maelezo ni mawili: ama Mtanzania akigongwa ni lazima afe, ama ajali isiyo na jeneza haifiki kwenye jedwali. Wewe usichague. Taja namba, funua ukurasa.

Hao WHO wachunge sana. Katika ripoti yao ya 2018 waliweka namba mbili kando kwa kando kwa kila nchi, jambo ambalo si la kiungwana. Kwa Tanzania, mwaka 2016, namba ya serikali ilikuwa vifo 3,256. Namba ya makadirio yao: 16,252. Ukiulizwa, jibu kwamba hayo ni makadirio tu. Ni kweli, na ndiyo uzuri wake. Usiende mbali zaidi ya hapo, kwa sababu mwandishi mwerevu anaweza kuuliza pengo la watu 12,996 linatoka wapi, na utaanza kujikuna.

Sehemu ya pengo hilo utaijua ukikaa wiki moja kwenye kiti chako kipya. WHO wana tabia ya kumhesabu mtu hata akifa siku ya 29 baada ya kugongwa. Wewe hutaki mambo hayo. Trafiki akiandika "majeruhi amekimbizwa hospitali", sentensi imekamilika, ina kitenzi na ina nukta. Kilichompata majeruhi wodini wiki ya tatu ni mambo ya madaktari na ndugu zake. Usipige simu. Simu kutoka kituoni kwenda wodini haigharimu hata shilingi mia mbili, lakini ukiizoea itakuvurugia safu nzima ya vifo.

Baada ya hapo ni suala la kulinganisha, na hapa hatutachelewa. Linganisha na mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote. Ukiukosa, linganisha robo ya mwaka na "kipindi kama hicho mwaka jana", na uichague robo mwenyewe. Vifo vikipanda, zungumzia ajali. Ajali zikipanda, zungumzia majeruhi. Vyote vikipanda, gawanya kwa idadi ya magari, maana magari huongezeka kila mwaka na hayajawahi kumwangusha mtu wa takwimu. Usigawanye kwa wakazi wa jiji. Wakazi, ambao sensa iliwakuta 5,383,728, wengi wao hawana gari, na ukianza kuwahesabu hao utajikuta unauliza ni nani hasa anayekufa.

Swali hilo ndilo linaloharibu taarifa nyingi nzuri. Dawa yake ni kifungu cha chanzo. Chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva aliyetaka kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari. Kiweke kwenye kompyuta kama kilivyo, utakuwa unabadilisha tarehe tu. Ikishindikana, gari liliacha njia na kupinduka. Liliacha njia lenyewe, kwa hiari yake, kama mtoto aliyetoroka shule. Na aliyekufa akiwa ni mtembea kwa miguu, kazi imekuwa nyepesi zaidi: alivuka barabara bila kuangalia. Hatakanusha.

Tusimame kidogo kwa huyu asiyeangalia, maana yeye ndiye nguzo ya taarifa yako. Tuseme ni mama anayekaa Mbezi na genge lake liko ng'ambo ya pili ya Barabara ya Morogoro. Kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, barabara imepanuliwa ikawa njia nane, na kweli inapendeza, hasa ukiwa ndani ya gari. Mama yuko nje ya gari. Anasimama kwenye zebra, pale rangi ilipobaki. Daladala ya njia ya kwanza inasimama, konda anampungia mkono apite. Mama anapita. Daladala hiyohiyo iliyomfanyia wema ndiyo inayomziba, aliye njia ya pili hamwoni mpaka ameshatokeza mbele ya boneti. Mama aliangalia. Aliangalia kulia, kushoto, na kulia tena kama alivyofundishwa shuleni, akaona upande wa daladala.

Kuna mtu atakuambia kwamba gari likitoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa likafika 65, hatari ya kumuua mtembea kwa miguu huongezeka mara nne na nusu. Ni hesabu ya WHO tena, hao watu hawachoki. Atakuambia pia kwamba kilomita 50 ndio ukomo katika maeneo ya makazi kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kwamba barabara iliyojengwa pana, nyoofu na tupu humwambia dereva akimbie, hata kibao kikisema vingine. Msikilize kwa adabu. Kisha rudi kwenye kifungu chako: alivuka bila kuangalia. Wanaojua dini waongeze kwamba siku yake ilifika. Wanaojua methali waseme ajali haina kinga, na hiyo ndiyo methali pekee unayoruhusiwa kuisoma mbele ya kamati, kwa kuwa ikikubalika, bajeti haihitajiki.

Lakini usionekane umekaa tu. Kuna Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Hiyo ishughulikie kwa moyo wote. Tafuta mgeni rasmi, fulana, brasibendi, hema, maji ya chupa na kauli mbiu yenye mkato katikati, sehemu ya kwanza iamrishe na ya pili itishie. Walete watoto wa shule wavae sare safi na waonyeshe namna ya kuvuka. Zebra ya uwanjani ichorwe vizuri, nyeupe kabisa, maana ile ya mbele ya shule yao imefutika na picha itakuwa mbaya. Stika zigawiwe, zibandikwe kwenye vioo. Gari lenye stika limeshakaguliwa, na gari lililokaguliwa haliachi njia.

Halafu tochi ya kupima mwendo. Ipange mwisho wa mteremko, chini ya mti wenye kivuli kizuri, pale ambapo hakuna shule, hakuna soko na hakuna anayevuka, kwa sababu hapo ndipo madereva hukimbia kwa raha. Faini ya gari ni elfu thelathini, bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi elfu kumi katika bajeti ya 2021/22. Jumla ya makusanyo iweke ukurasa wa mbele wa taarifa. Ni takwimu pekee ambayo ikipanda, meza kuu yote inapiga makofi.

Niseme kwa haki: tochi yenyewe sina ugomvi nayo. Kila asilimia moja ya mwendo wa wastani inayoongezeka huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia nne, kwa hiyo anayempunguza dereva mwendo anaokoa watu, hata akiwa amejificha nyuma ya mwembe. Shida ni kwamba tochi ikifika jioni inarudi kituoni. Tuta halirudi popote, linalala palepale.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote kwa kazi yako. Humu humu Dar es Salaam waliwahi kutokea watu wa shirika liitwalo Amend, na mradi wao SARSAI, ambao badala ya kuandaa hema walikwenda kusimama nje ya shule za msingi na kuangalia watoto wanapita wapi. Kisha wakaweka matuta. Wakachora zebra. Wakajenga njia za waenda kwa miguu, wakachimbia vigingi ili magari yasipande kwenye njia hizo, na pale ilipolazimu, lango la shule likahamishwa kutoka upande wa barabara kubwa. Hawakuunda kamati ya kuchunguza tabia ya mtoto. Wakaja watafiti wakalinganisha na shule ambazo hazikuguswa, wakakuta majeruhi wa barabarani miongoni mwa watoto wamepungua kwa asilimia 26. Matokeo yakachapishwa mwaka 2019, na mwaka huohuo mradi ukashinda tuzo ya kwanza kabisa ya miji ya WRI Ross, dola 250,000.

Unaona ubaya wake. Kumbe dereva ni yuleyule, mtoto ni yuleyule, uzembe ni uleule, na bado hesabu imeshuka kwa rangi, zege na sururu. Habari hii ikienea, kifungu chako cha chanzo kitakosa kazi, na watu watataka kujua kwa nini majedwali yanajaa majina ya madereva na hayana safu ya barabara: ilikuwa na taa? Ilikuwa na tuta? Kivuko cha karibu kilikuwa mita ngapi? Kwa hiyo mkutano na waandishi upange saa nane mchana, njaa ikiuma. Mmoja akinyoosha mkono na kuuliza tuta moja la mbele ya shule ni shilingi ngapi, mwambie ni swali zuri, liko nje ya taarifa hii, na chakula kiko tayari upande wa kulia.

Wewe ambaye hukuteuliwa na mtu, unayeisoma taarifa hiyo gazetini tu, una nafasi ya kuuliza swali hilohilo bila kupewa chakula. Meneja wa TARURA yupo kila wilaya ya jiji hili. Mwandikie barua, itaje shule kwa jina, taja mahali watoto wanapovukia na saa wanazovuka, nakala kwa diwani. Weka kumbukumbu ya tarehe uliyoipeleka, na mwezi ukipita bila majibu, iandike tena.