Mhadhara wa Mtu Aliyewagundua Mashabiki

Waheshimiwa, shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla, pamoja na za wale ambao hawajaamkia. Mshereheshaji amesoma wasifu wangu kwa ufupi, kurasa sita tu. Ukurasa wa saba unahusu nishani, nami si mtu wa kujisifu. Nitausoma mwenyewe baadaye.

Mada ni mashabiki wa bunilizi za kisayansi. Kabla yangu uwanja huu ulikuwa pori. Ni kweli, mwaka 1992 Henry Jenkins alitoa Textual Poachers, na mwaka huohuo Camille Bacon-Smith akatoa Enterprising Women. Vitabu vizuri, majalada yake nimeyaona. Jenkins anawaita mashabiki majangili: wanazama katika hifadhi ya mwenye hadithi na kutoka na minofu waitakayo. Wazo lenyewe kalitoa kwa Mfaransa, Michel de Certeau. Sasa jangili nani hapo? Mimi siazimi. Nimebuni istilahi yangu, ushabikolojia, yenye herufi kumi na tatu.

Utafiti niliufanya siku mbili, katika hoteli moja huko Marekani. Siku ya kwanza nilitafuta ukumbi walimokutana mashabiki. Ya pili nilikaa mgahawani na daftari, nikimchunguza mama mmoja wa makamo aliyevaa masikio ya Spock wa Star Trek, ya mpira, la kushoto limeshikizwa kwa plasta. Anakula chipsi. Nikaandika: “Hajitambui.” Akaniuliza, mdomo umejaa, mimi ni mtafiti wa ngapi tangu asubuhi.

Nilimweleza kwa upole kwamba watu wa aina yake hawajawahi kujiandika. Akasema Spockanalia, jarida la mashabiki wenyewe, lilitoka mwaka 1967, tamthilia ya Star Trek ingali hewani. Na kwamba shabiki Sam Moskowitz alichapisha historia ya mashabiki, The Immortal Storm, mwaka 1954. Nikamwambia haiwezekani. Mwaka 1954 mimi nilikuwa sijazaliwa.

Tuje kwenye taji la kazi yangu, yaani isimu. Katika Star Trek kuna afisa wa mawasiliano, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Baada ya miaka saba nimebaini kwamba jina hilo ni la Kiklingoni, lugha ya kubuni ya tamthilia hiyohiyo. Nimepekua kamusi ya Kiklingoni ya Marc Okrand ya mwaka 1985 na sikulikuta, ishara kwamba ni la kale mno.

Ndiyo, kijana wa nyuma, mwenye fulana? “Uhuru”? Uhuru huu wetu, wa mwenge? Kaa chini, mwanangu. Wewe Kiswahili umezaliwa nacho tu, mimi nimekifikiria.

Unasemaje? Kwamba katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, mwaka 1966, kuna kiumbe anamsemesha huyo Uhura kwa Kiswahili? Sina kumbukumbu. Tamthilia ile niliitazama nikiwa nimezima sauti, maudhui yasije yakaniharibia nadharia.

Mbona mnacheka? Mshereheshaji, mnyang’anye huyo kipaza sauti. Na niletee ule ukurasa wa saba.