Sifa za Bendera ya Kukodi

Wapo waliousifu usingizi, wapo waliomsifu punda, na mnazi umeimbwa pwani hadi ukazoea. Lakini bendera ya kukodi, ambayo imewatendea matajiri wa dunia wema mwingi kuliko mama awezavyo kumtendea mwanawe, haijapata bado mtu wa kuitungia sifa, nami nikaaye Muhima, katika mteremko ushukao kutoka katikati ya Kigali hadi stendi ya Nyabugogo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,400 kutoka maji ya chumvi ya Dar es Salaam, nimeona kuwa kazi hiyo yanistahiki, kwa sababu asiye na chombo wala bahari ndiye awezaye kusifu pasipo kushukiwa tamaa.

Chombo cha baharini, kwa kanuni ya mataifa, hakina ruhusa ya kuwa yatima. Sharti iwepo nchi iliyokiandika katika daftari lake, ikakipa hati na bendera, na nchi hiyo ndiyo yenye dhima ya kukagua vyuma vyake, kutazama vyeti vya nahodha na kuuliza kama mabaharia wamelipwa. Basi mwenye meli akiona kuwa kwao kodi ni nzito, mishahara imewekewa kima, na mkaguzi ana macho mawili yote yanaona, huielekea nchi ya mbali, aghalabu asiyopata kuikanyaga, akalipa ada, akapokea hati, na chombo chake kikapambaukiwa kina baba mpya na, akipenda, jina jipya tezini. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu chake cha 91, wataka pawepo uhusiano wa kweli baina ya nchi na meli. Wanazuoni wameyafanya maneno hayo kuwa fumbo, hali bendera ya kukodi imeyafasiri kwa wepesi: ni uhusiano gani ulio wa kweli kushinda risiti?

Ukarimu huo huniingia moyoni kila asubuhi nitokapo nyumbani. Kijana wa pikipiki anichukuaye hawezi kuwasha chombo chake pasipo namba ya usajili, leseni, bima, fulana yenye namba, na kofia ngumu mbili, yake na yangu. Akimgonga kuku wa mtu kule Kimisagara, jina lake na la mwenye pikipiki hujulikana kabla kuku hajamaliza kulia. Mimi mwenyewe, nilipohama nyumba moja nikaingia ya tatu kutoka hiyo, nilikwenda kujieleza kwa mkuu wa umudugudu, yaani kitongoji chetu, kana kwamba nimetoka ng'ambo. Lakini meli ya mafuta ya tani laki tatu, ambayo ikipasuka huwanyima kitoweo watu wa pwani nzima, yaweza kuwa mali ya kampuni isiyo na kitu ila sanduku la posta, na kampuni hiyo ikawa mali ya nyingine katika kisiwa kingine, hata mtafutaji akachoka kabla ya kufika kwa mtu mwenye uso.

Wasiojua hudhani kuwa hekima hii ni ya juzi, na ya Wazungu peke yao. La, nasaba yake i karibu nasi. Mwishoni mwa karne ya 19 majahazi ya Sur, bandari ya Oman, yaliyozoea kushuka na kaskazi hadi Unguja na Pemba na kurejea na kusi, yaliudhiwa sana na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikipekua vyombo kutafuta watumwa. Bendera nyekundu ya Sultani haikuuzuia upekuzi huo. Ya Ufaransa iliuzuia, kwa kuwa Mfaransa hakukubali Mwingereza akanyage sitaha yake. Basi manahodha waliozaliwa Sur, waliooa Sur na waliotaraji kuzikwa Sur wakaenda kuchukua hati kwa Wafaransa, na rangi tatu za Paris zikapepea juu ya majahazi ambayo Paris haikupata kuyaona. Kilichokuwa chini ya sitaha ya baadhi yake sina haja ya kukieleza. Waliokuwamo hawakuulizwa waipenda bendera gani. Shauri likapelekwa The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi wakahukumu kuwa aliyeipata bendera kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouthibitisha mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, aweza kubaki nayo, na waliokuja baada ya hapo, isipokuwa wachache waliokuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu zamani, hawana haki nayo. Hata hivyo hukumu hiyo hiyo ilikiri kuwa, kwa jumla, ni juu ya kila mtawala kuamua nani apewe bendera yake, na neno hilo limekuwa hirizi shingoni mwa kila msajili wa meli hadi leo.

Wamarekani walijifunza baadaye. Mwaka 1922 meli mbili za abiria, Reliance na Resolute, zilihamia Panama kwa kuwa Marekani ilipiga marufuku pombe na abiria walikuwa na kiu. Liberia ilianzisha daftari lake mwaka 1948, kwa shauri la Edward Stettinius, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na daftari hilo laendeshwa kutoka jimbo la Virginia, ambako pia huendeshwa lile la Visiwa vya Marshall. Hivyo baharia mwenye mashitaka huokoa nauli ya Monrovia. Na ilipokwama Ever Given katika mfereji wa Suez, Machi 2021, mwenyewe alikuwa Mjapani, mwendeshaji wa Taiwan, msimamizi Mjerumani, mabaharia Wahindi, bendera ya Panama. Mchanga tu ndio uliokuwa wa Misri bila ubishi.

Sisi wasemao Kiswahili tuna fahari yetu pia. Mwaka 2012, Iran ilipobanwa na vikwazo, meli zake za mafuta 36 zilionekana zikipepea bendera ya Tanzania, zimeandikwa kwa jina la Zanzibar na wakala akaaye Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete, serikali ikachunguza, ikazifuta. Tazameni adabu ya bendera hii, isivyopenda kumsumbua mwenye nyumba kwa kumwarifu nani ameingia! Septemba 2013 Gold Star, yenye bendera hiyo hiyo, ikakamatwa katika Bahari ya Kati na tani 30 za bangi, baada ya mabaharia wake kuitia moto. Na Januari 2018 Wagiriki wakaishika Andromeda, yenye shehena ya vitu vya kuundia baruti, ikielekea Libya. Ndipo Rais Magufuli alipoamuru usajili wa meli za kigeni usimame, na zile 470 zilizokwisha kuandikwa zichunguzwe. Mvuvi wa Nungwi kule Unguja, ambaye ngalawa yake haijafika hata Mombasa, alikuwa amekwisha kupata sifa hadi Ugiriki.

Mabaharia nao bendera hii huwafunza subira. Mwenye meli akifilisika, au akijifanya amefilisika, huwaacha nangani katika bandari ya ugenini, bila mshahara, bila maji, bila nauli, na wakiuliza wamshitaki nani, huonyeshwa kitambaa juu. Na kitambaa hicho kimeenea: Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall peke yake zina zaidi ya theluthi moja ya uzani wa meli za biashara duniani. Nilimwuliza dereva mmoja pale Nyabugogo meli iliyoleta mzigo wake ilikuwa ya nani. "Mzee wangu," akanijibu kwa upole, "mimi hati zangu ni za lori." Alikuwa nazo zote, katika bahasha iliyochakaa, tangu mpakani Rusumo.

Mimi nalalamikia tu kusahauliwa kwetu sisi wa bara. Haki tunayo, kwani Azimio la Barcelona la mwaka 1921 liliwakubalia bendera ya bahari hata wasio na pwani. Uswisi ikaitumia haki hiyo mwaka 1941, na meli zake huandikwa Basel tezini. Mongolia ikafuata mwaka 2003, daftari lake likiwa Singapore. Kwa nini basi isiwepo meli ya mita 400 iliyoandikwa MUHIMA kwa herufi nyeupe, mwenyewe hajulikani, nahodha hajalipwa, injini yatoa moshi? Siku itakapokwama mahali, barua itapanda mteremko wetu, na mkuu wa umudugudu atatoka jioni na daftari lake, abishe mlango kwa mlango, akiuliza ni nani kati yetu aliyeiacha nje.