Shangazi wa Gereji: Injini ya Kijana, Difu ya Mzee

Shangazi, shikamoo. Nina Mark II GX100 yenye 1G. Nimedunduliza miaka miwili, sasa nimepata 1JZ-GTE na tabo yake, iko sebuleni imefunikwa. Fundi anasema kabla ya kuifunga nitafute kwanza difu nyingine. Naona anataka kunipiga. Difu ninayo, inazunguka, haijanisumbua hata siku moja. – Mwenye Haraka, Tabata

Marahaba mwanangu. Haijakusumbua kwa sababu na wewe hujaisumbua. Hiyo 1G, hata ile ya mwishomwisho yenye VVT-i, nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 200, tena mpaka uikanyage ifike mizunguko 4,400. 1JZ-GTE ya tabo moja, iliyoanza kufungwa mwaka 1996, inatoa 378 ikiwa mizunguko 2,400 tu, wakati mwenzake bado anapiga miayo. Na hapo hatujapita kwenye giaboksi. Gia namba moja ya giaboksi ya R154 inazidisha kwa 3.25, kwa hiyo kinachoipiga pinioni ya difu yako ni zaidi ya 1,200. Pinioni yenyewe unaifumbata kiganjani. Toyota wenyewe walilijua hilo: Mark II Tourer V ya gia za mkono ilitoka kiwandani na difu nene kuliko ya GX, na hawakuiweka kwa urembo.

Difu ndogo haifi siku hiyo hiyo, ndiyo maana watu wanabisha. Itaanza kuimba ukifika spidi 60, nawe utaongeza sauti ya redio. Halafu siku unatoka kwenye mataa, shemeji yako kakaa pembeni umemwahidi aone mambo, utasikia "kaa!" chini ya siti ya nyuma. Injini inanguruma, gari haliendi.

Injini hizi huja zikiwa ndani ya nusu ya mbele ya gari lililokatwa. Difu iko nyuma, na nyuma ilibaki hukohuko Japani. Kwa hiyo itabidi uisake peke yake, na ukiipata usiibebe mkiwa: chukua na shafti zake mbili na propela. Matundu ya boliti ya difu kubwa hayalingani na ya shafti zako, na hapo ndipo mafundi huanza kuchonga na kuchomelea, wewe ukinunua soda.

Kabla ya kulipa, fungua nati ya kujazia oili, chovya kidole, sugua. Oili nyeusi haina neno. Ikimeta kama uso wa bibi harusi, hayo ni meno yaliyosagika. Rudisha nati, aga vizuri, ondoka. Mimi niliwahi kuuziwa difu iliyooshwa kwa petroli ndani na nje, hata harufu ya oili haina, nikamsifu muuzaji kwa usafi. Ilidumu wiki tatu. Na fundi akisema ataifungua "airekebishe kidogo", mwulize kama ana saa ya kupimia. Nafasi kati ya meno ya kroni na ya pinioni ni milimita 0.13 hadi 0.18. Huwezi kuipata kwa kutikisa na kusema iko poa.

Shangazi, sebuleni kwangu kuna injini. Mume wangu kaifunika kwa kanga yangu ya doti, anasema ni ya muda tu. Muda huo una miezi saba. Wageni wanadhani ni meza. – Asiye na Sebule, Tabata

Mwanangu, huo mtaa nimeuona hapo juu, lakini mimi si mchonganishi. Habari mbaya ni kwamba kuna mtu nimemwambia sasa hivi aongeze difu, shafti mbili na propela. Habari nzuri ni kwamba propela ya Mark II ni ya vipande viwili, kwa hiyo inaingia nyuma ya kochi. Kanga idai leo, kabla oili haijaifikia.

Shangazi, rafiki yangu alinishauri nichomelee meno ya ndani ya difu ili matairi yote mawili yavute sawasawa. Kweli yanavuta. Ila nikikata kona kuingia nyumbani yanalia, majirani wanatoka nje. – Kijana wa Kona, Mbezi

Huyo rafiki anauza matairi? Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya difu mwaka 1827, gari likiwa bado la mvuke, ili tairi la nje ya kona lipate ruhusa ya kukimbia zaidi ya la ndani. Wewe umeifuta ruhusa hiyo kwa vijiti viwili vya welding. Chukua upana kati ya matairi yako ya nyuma, karibu mita moja na nusu. Gari likizunguka duara zima, tairi la nje linatembea mita 9 zaidi ya la ndani, duara liwe dogo au kubwa. Kona ya getini ni robo duara: mita mbili na ushee ambazo lazima moja liburuzwe. Lisipolia tairi, itakatika shafti.

Unachokitafuta ni difu ya LSD, inayobana tairi moja lisizunguke bure. Ipime hivi: nyanyua matairi yote ya nyuma, weka gia huru, zungusha moja kwa mkono. Lingine likirudi nyuma, mara nyingi hiyo ni difu ya kawaida. Yakienda pamoja, ni LSD, au ni mwenzako naye amechomelea. Kwa hiyo fungua uchungulie. LSD ya sahani inataka oili yake maalumu. Ukimimina yoyote itakoroma kila kona, na majirani watatoka tena.

Shangazi, nimefunga difu ya Tourer V. Sasa trafiki wa tochi ananikamata nikiwa 50 kamili. Ananionea? – Mtiifu wa Sheria, Kibaha

Difu yako ya zamani, nadhani, ilikuwa na kroni ya meno 43 na pinioni ya 10. Hii ina 43 kwa 11. Spidi mita inachukua hesabu kwenye giaboksi, haijui kama huko nyuma kumeongezwa jino. Ikisoma 50, wewe uko 55. Mweleze trafiki habari za meno ukipenda, ila mweleze faini ikiwa tayari mkononi.