Umeipenda RX-8? Hesabu Nami Kuanzia Tisa

Kila mpenda magari mwenye simu ameshakutana nayo: Mazda RX-8 nyekundu kwenye matangazo ya magari ya mtumba kutoka Japani, matairi mapana, sura ya kutaka ugomvi, na bei ambayo haiogopeshi hata kidogo. Hapo ndipo moyo unapotangulia na akili inabaki nyuma ikitafuta viatu.

Mimi naipenda, tena sana, na kwa sababu hiyo nataka ukiinunua uinunue ukiwa macho. Ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, na sehemu kubwa ya sifa mbaya inayoibeba ilitokana na watu kuitunza kama gari lingine lolote. RX-8 ina masharti yake, na masharti husomwa kabla ya kusaini. Tunahesabu kurudi nyuma kutoka tisa, kwa heshima ya mshale wake wa mizunguko unaofika 9000 kwa dakika. Tunaanza na sharti jepesi. Lile la kufa na kupona liko mwisho.

9. Milango ni minne, lakini ina itifaki

Gari la michezo lenye nafasi halisi ya watu wanne ni adimu, na hapa Mazda walifanya kazi ya kupigiwa makofi. Milango ya nyuma ina bawaba upande wa nyuma, inafunguka kinyume, na katikati hakuna nguzo. Ila mlango wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Kwa mwenye watoto wadogo hiyo ni neema: hakuna anayeruka nje kabla baba hajaruhusu. Ukimbeba shangazi nyuma, wewe dereva ndiye kondakta. Shuka, fungua, toa mkono.

8. Tuta halijui wewe ni nani

Injini yake ya rota, ambayo tutaieleza kwenye namba 5, ni ndogo na nyepesi, kwa hiyo wahandisi waliisogeza nyuma ya ekseli ya mbele wakapata mgawanyo wa uzito wa nusu kwa nusu. Ndiyo siri ya namna inavyokata kona: unageuza usukani na gari zima linakuja pamoja nawe, bila ubishi. Lakini limekaa chini. Barabara zetu zina matuta kila penye kijiji, na mengine yamejengwa na mtu aliyekuwa na hasira. Yapande kwa mshazari, taratibu, tairi moja baada ya jingine. Wa nyuma akipiga honi, mwache apige. Bampa si lake.

7. "Cc 1300" isikudanganye

Kwenye kadi imeandikwa cc 1308, na jirani atakuambia gari hilo linanusa tu mafuta. Huyo jirani hajawahi kulijaza. Kwenye foleni ya mjini tegemea kilomita 6 au 7 kwa lita. Chumba cha kuchomea cha injini hii ni kirefu na chembamba, moto haukifikii chote kwa wakati, na sehemu ya petroli inatoka kwenye eksozi bila kufanya kazi uliyoilipia. Hata serikali ya Japani haikukubali zile cc: kwa ajili ya kodi, ukubwa wa injini za aina hii huzidishwa mara 1.5. Mtoza kodi akishagundua, na wewe gundua.

6. Bei ya tangazo ni utangulizi tu

RX-8 changa kuliko zote ni ya 2012. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Mombasa atatafuta iliyoingia zamani, yenye historia ya hapohapo. Tanzania mlango uko wazi, ila gari dogo lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu, tena mzito. Ingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla hujatuma hata senti. Na kumbuka kuwa TRA wana thamani yao wenyewe ya kila gari. Ustadi wako wa kupunguziwa bei na muuzaji wa Yokohama hauwahusu.

5. Injini haina pistoni, na fundi wako lazima ajue hivyo

Chini ya boneti hakuna pistoni, hakuna valvu, hakuna mkanda wa taimingi. Kuna rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya vyumba vyenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel, na injini ya kwanza ya namna hiyo iliwaka mwaka 1957 kwenye kampuni ya NSU. Mazda walichukua leseni mwaka 1961, wakakuta ncha za rota zinakwaruza ukuta wa chumba na kuacha michirizi waliyoiita kucha za shetani. Kenichi Yamamoto na kikosi chake cha wahandisi walipambana nayo mpaka 1967, wakatoa Cosmo Sport. NSU nao walitoa Ro 80 mwaka huohuo, lakini injini zilizokufa zikiwa bado kwenye dhamana ziliwatia hasara kubwa, na kufikia 1969 kampuni ilikuwa mikononi mwa Volkswagen.

Kwa hiyo usimlaumu fundi wa mtaani akikuna kichwa. Injini hii imeshawachosha hata waliozaliwa nayo. Breki, shokapu na kiyoyozi atavimudu vizuri. Kabla hajagusa injini, muulize swali moja: ndani yake kuna sili ngapi za ncha? Rota mbili, ncha tatu kila moja, na kila ncha ina sili yake ya kuziba pengo na ukuta: sita. Akijibu sita bila kusita, mshike huyo. Akianza kuulizia valvu, mlipe nauli na umshukuru. Plagi nazo ni nne za aina mbili, kila rota ina moja ya kila aina, na hazibadilishani nafasi. Anayekuambia plagi ni plagi, mpe baiskeli atengeneze.

4. Ukiiwasha, iache ipate moto

Hili ndilo linalowaliza wageni. Asubuhi umeliwasha, umelisogeza mita tatu shemeji atoe gari lake, ukalizima. Jioni unapiga stata mpaka betri inakata tamaa.

Kilichotokea hakina uchawi. Injini ikiwa baridi hupewa petroli ya ziada. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile inalowesha plagi na kuosha utando wa oili kwenye kuta za vyumba. Bila utando huo sili hazizibi vizuri, mgandamizo unashuka, na injini haina nguvu ya kujiwasha. Dawa ni kukanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na kuishikilia huku ukipiga stata kwa sekunde chache: kompyuta ya gari inafunga petroli, hewa inakausha vyumba. Ndiyo maana betri iwe nzima na stata iwe na kasi. Mazda wenyewe baadaye walileta stata yenye kasi zaidi kwa ajili ya tatizo hili.

Kinga ni rahisi zaidi. Ukiiwasha, nenda nayo safari, au isubiri mpaka mshale wa joto ufike mahali pake. Ukitaka kuisogeza mita tatu, isukume. Vijana wa mtaa wapo, na soda zao ni bei nafuu kuliko plagi nne.

3. Mshale wa joto una adabu kupita kiasi

Mshale wa joto wa RX-8 ukishafika katikati hutulia hapo hata maji yanapoanza kuzidi joto la kawaida. Ukiuona unapanda, maji yameshachemka na madhara yameanza. Injini hii ni tabaka za alumini na chuma zilizobanwa pamoja, na metali hizo mbili hazitanuki sawasawa. Ikizidiwa na joto mara moja tu, sili za maji zinaweza kukatika, na hapo injini inafunguliwa yote.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa pili, kwenye foleni, kiyoyozi kikivuma, hili lichukulie kwa uzito wote. Nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, usome joto halisi kwenye simu. Kagua tangi la plastiki la maji ya rediata, maana hupasuka likizeeka. Hakikisha feni zote mbili zinazunguka.

Na koili, tafadhali. Ziko nne, joto linazichosha, na wengi huzidharau kwa sababu gari bado linatembea. Koili ikidhoofika, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye kichujio cha moshi cha eksozi, kichujio kinayeyuka na kuziba, moshi unakosa njia, joto linarudi kwenye injini, na sili ndizo zinazolipa deni. Injini ngapi zimezikwa kwa kosa la koili! Zibadilishe mapema, zote nne kwa pamoja, bila huruma na pochi.

2. Inakula oili, na inatakiwa ile

Fundi mgeni akiona oili imepungua atakutangazia msiba. Mtulize. Injini hii ina pampu maalumu inayochukua oili kidogokidogo na kuinyunyiza ndani ya vyumba, ili zile sili za ncha zisisuguane na ukuta zikiwa kavu. Oili hiyo inaungua na kutoka. Ndivyo ilivyobuniwa. Kwa RX-8, habari ya kutisha ni geji ya oili isiyoshuka kabisa, maana inawezekana pampu imelala na sili zinatembea peku.

Kazi yako ni kuvuta geji kila unapojaza mafuta mara ya pili, na kubeba lita moja ya akiba kwenye buti. Usingoje taa ya kwenye dashibodi ikukumbushe. Baadhi ya wamiliki wanaojali huchanganya pia kiasi kidogo cha oili ya mashine za boti, ile ya mipigo miwili, kwenye tangi la petroli, ili sili zipate ulinzi wa ziada. Na Mazda hawakukaa kimya: kwenye toleo lililoboreshwa, lililotoka 2008, waliongeza tundu jingine la kunyunyizia oili kwa kila rota. Kama mfuko unaruhusu, tafuta hilo.

1. Namba sita kabla ya malipo

Hata ukiyasahau yale mengine manane, hili likae. Usinunue RX-8 bila kupima mgandamizo, na usipime kwa kipimo cha kawaida. Kipimo cha injini za pistoni kinaonyesha namba moja tu, ile ya juu kabisa. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo kinahitajika kipimo cha injini za rota kinachotoa namba tatu kwa kila moja, jumla sita. Injini nzima husoma karibu na bar 8.3 stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika. Ikishuka chini ya 6.8, Mazda wenyewe wanahesabu kuwa imechoka. Namba zikitofautiana sana, sili moja inaaga. Kama gari bado liko Japani, mwombe muuzaji karatasi ya kipimo hicho. Huko si kitu kigeni.

Kama kipimo hakipatikani, kuna mtihani wa bure. Liendeshe dakika ishirini mpaka lipate moto sawasawa, lizime, uliwashe tena papo hapo. Likiwaka mara moja, endelea na mazungumzo. Likisuasua, rudisha funguo, kwa sababu injini iliyochoka hujificha ikiwa baridi na kujitoa ikiwa ya moto. Muuzaji akisema "leo tu limeamka vibaya", mwambie utarudi siku litakayoamka vizuri.

Mpenda chongo huona kengeza, nalijua hilo, ndiyo maana nakuomba uamini namba kuliko macho. Huko Marekani, Mazda walilazimika kurefusha dhamana ya injini hizi hadi miaka 8 au maili 100,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu.

Sasa, ununue?

Usinunue kama ndilo gari pekee la nyumbani, kama kila safari yako ni ya dakika tano, au kama bei ya gari ndiyo pesa yako yote. Rahisi huvunja upishi, na RX-8 rahisi kuliko zote sokoni ina sababu ya kuwa rahisi.

Nunua kama una gari jingine la kazi, una fundi aliyejibu sita, na umeweka kando pesa ya injini nyingine kabla ya kulipia ya kwanza. Nunua yenye gia sita za mkono, kwa sababu ndiyo inayofika 9000. Kisha, ikishapata moto, ipeleke huko juu kila unapotoka nayo, maana inasafisha masizi na imeumbwa kwa hilo. Gia ya kwanza inafika 9000 ukiwa umevuka kidogo tu kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo chagua barabara isiyo na tochi ya trafiki.

Ukiisikia huko juu utaelewa. Haitetemeki, sauti inapanda tu, mpaka gari lenyewe likupigie king'ora kukuambia badilisha gia. Injini za ukoo huu, zenye rota nne, ndizo zilizoipa Mazda 787B ushindi wa Le Mans mwaka 1991 mikononi mwa Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot, na kuifanya Mazda kampuni ya kwanza ya Kijapani kushinda mbio zile za saa 24. Kushika ufunguo wa urithi huo ni heshima, na heshima ina gharama zake: lita ya oili, koili nne, na mtu anayesubiri mshale upande kabla ya kuondoka. Kama mtu huyo ni wewe, ipime, ilipie, iendeshe.