Tumekubali, Hatuhusiani: Barua ya Wazi kwa Ofisa wa Viza za Familia

Kwako Mheshimiwa Ofisa,
Dirisha la Viza za Familia.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUJULISHA KUWA HATUNA UNDUGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Handeni na Korogwe, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukidanganyana kwamba ni ndugu, tumeisoma barua yako ya kumnyima viza mama mmoja wa hapa Chanika, mjini Handeni. Ni barua fupi, yenye adabu. Inasema hakuleta ushahidi wa kutosha wa uhusiano wake na kijana aliyemwalika. Tunashukuru. Tangu kijana huyo afiwe na mzazi wake angali ananyonya, mama huyu, dada mkubwa wa marehemu, alimlea bila kujua kuwa hawahusiani. Angejulishwa mapema, angalau angeokoa ada ya shule.

Tumeelewa kosa lilipo. Kijana kaandika kwenye fomu kuwa anamwalika mama yake, na cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mwanamke mwingine. Ukanusa udanganyifu. Huku kwetu mama mkubwa haachi kuwa mama eti kwa kuwa mdogo wake amefariki. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Lakini fomu yako ina nafasi ya mama mmoja, nasi hatuna ubavu wa kubishana na fomu.

Ulitaka pia vyeti vya kuzaliwa vya hao dada wawili, ili ijulikane kama kweli walikuwa dada. Ombi zuri. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili vizazi na vifo mwaka 1920, ila kwa Mwafrika haikuona haja ya kuifanya lazima. Baba yao aliletwa Korogwe kukata mkonge, na karatasi aliyopewa ilikuwa kipande. Kipande kilihesabu siku alizofanya kazi; hakikuwa na mahali pa kuandika mabinti. Uhuru nao haukuleta vyeti kwa kasi: utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania, waliosajiliwa ni kama 16 tu. Kwa hesabu hiyo, Mheshimiwa, nchi hii imejaa watu waliozaliwa bila wazazi.

Picha nazo ulisema ni chache, na katika hizo mama haonekani. Ni kweli. Mpiga picha alikuja sikukuu ya Idi, na siku hiyo mama alikuwa jikoni, akipika hicho kinachoonekana kwenye sahani za wote waliopigwa picha.

Kuhusu fedha anazotumiwa kwa simu kila mwezi, ulieleza kuwa mtu aweza kumtumia fedha mtu yeyote. Sisi bado hatujamwona anayemtumia fedha mtu yeyote, kila mwezi, bila kukosa. Ukimfahamu, tafadhali mpe namba zetu.

Udhaifu huu wa kuaminiana bila karatasi tumeuingiza hadi kwenye sheria. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, wachukuliwe kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Hebu ona hatari hiyo: nchi nzima inawasikiliza majirani!

Lakini aibu yetu kubwa iko Chogo, hapa hapa Handeni. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa viliwapeleka Wazigua wengi wa huku kwetu hadi pwani ya Somalia. Waliotoroka utumwa wakajificha kwenye misitu ya bonde la mto Juba, wakalima, wakazaa, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walikuja Tanga, wakakaa kambi ya Mkuyu na baadaye, kuanzia 2003, makazi ya Chogo. Wazee wa Kizigua wakawasikia wakiongea na kutaja koo zao, wakasema: hawa ni wetu. Uzembe ulioje! Hakuna aliyewauliza bibi yao alipanda jahazi gani na tiketi iko wapi. Baadaye Serikali nayo ikawapa wengi wao uraia.

Wenzao waliokimbilia Kenya walipata bahati ya kukutana na utaratibu wenu wa kisasa. Kuanzia 2003 Marekani ilichukua kama watu 12,000. Kisha mwaka 2008 nchi hiyo ilipima vinasaba vya wakimbizi wa Afrika waliokuwa wakiomba kuwafuata ndugu zao. Familia zilizothibitika katika kila undugu wa damu waliodai hazikufika 20 kati ya 100. Nyingine, ama kipimo kilikataa japo mtu mmoja, ama walikataa kupimwa. Programu hiyo ya kuunganisha familia ikafungwa hadi 2012. Waongo walikuwepo, hatubishi. Ila mtoto aliyechukuliwa na jirani baada ya wazazi wake kuuawa, kipimo kilimweka fungu moja na mwongo.

Kwa kuwa tumejifunza, tunaahidi yafuatayo:

1. Shangazi akitoka Korogwe kuja Handeni na kuku, kilomita 65 za lami, atapewa risiti yenye muhuri wa mtendaji wa kata.

2. Msibani, kila anayelia atasaini daftari la mahudhurio na kutaja anamlilia marehemu kama nani.

3. Yatima hatachukuliwa na yeyote mpaka majibu ya maabara yatoke. Wakati akisubiri, atakula kwenye fomu.

Nasi tuna ombi moja. Mwezi ujao mama huyu anatakiwa hospitali, na kama kawaida kijana ndiye atakayelipa. Kwa kuwa umeshachunguza na kuona hawahusiani, tunaomba umwandikie barua rasmi kumwondolea mzigo huo, na utujulishe ni nani tumpelekee bili. Tusipopata jibu lako, tutaendelea kudhani kuwa ni mama yake.

Wako katika ujenzi wa ushahidi,

Sisi Tusiohusiana,
Handeni na Korogwe.

Nakala kwa: Shangazi, Korogwe (undugu haujathibitishwa).