Sifa za Draiva wa Printa

Lugha yetu imelikopa neno moja mara mbili: dereva akapewa gari, draiva akapewa printa. Dereva wa daladala ana konda wa kumsifu. Draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, hana mtu, basi leo nambeba mimi, mwenye steshenari Mbagala Rangi Tatu.

Ni mgeni wa heshima. Wangu alikuja ndani ya boksi la printa, kalala kwenye sidii inayong'aa, na laptopu yangu haina pa kuiingizia sidii. Nimeitundika ukutani, wateja wanaopiga picha za pasipoti wanajitazamia humo. Tena ana wivu: ukichomeka waya wa USB kabla hajafika, ananuna, na Windows inaweka alama ya njano kana kwamba hapo pana msiba.

Usimdharau kwa udogo. Tarehe 19 Julai 2024 faili bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilisomwa na ndugu yake, draiva wa kampuni hiyo, zikaanguka kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikalala viwanjani. Na mwanaprogramu Richard Stallman, akiwa chuo cha MIT, alinyimwa msimbo wa programu ya printa ya Xerox. Kinyongo hicho kikachangia kuzaa mradi wa programu huru wa GNU, alioutangaza mwaka 1983. Printa yangu imekwama mara nyingi kuliko yake, na sijaanzisha hata kikoba.

Ila sifa yake kubwa ni kulisha watu. Kila anayepiga Windows upya amemfuta draiva, na kila draiva aliyefutwa ni chai ya fundi. Fundi wetu alichoka kuzunguka na flashi, akachukua Inno Setup, programu ya bure iliyopo tangu 1997, akafungasha madraiva wote wa mtaa kwenye paketi moja. Unabofya mara tatu, kazi imekwisha.

Tukabofya. Ikajibu kwamba pnputil, anayemwandikisha draiva kwenye Windows, haonekani. Tukafungua folda ya System32: huyu hapa, tunamtazama.

"Fundi, si yupo?"

"Yupo, bosi. Ila haonekani."

Kumbe programu ya biti 32 ikiomba System32 ndani ya Windows ya biti 64, inapelekwa kimyakimya folda ya SysWOW64, na pnputil hakai huko. Ni udalali wa nyumba za Kinondoni kabisa: unaonyeshwa hii, unakabidhiwa ile.

Mama mmoja alikuwa kwenye benchi, anasubiri fomu ya mkopo wa chuo ya mwanawe aiwahishe muhuri serikali ya mtaa.

"Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, mama. Printa inamsubiri draiva."

"Basi mpigieni simu, ajue tunamsubiri."

Fundi akaiandikia paketi mstari mmoja, isakinishe kwa hali ya biti 64. Printa ikakohoa, fomu ikatoka. Kwenye dirisha la mwisho la paketi, fundi ameweka namba yake ya simu.

Printa yako ikigoma, pita Rangi Tatu. Waya usichomeke kwanza.