Katika Kuisifu Nguzo Iliyolala

Aghalabu watu huisifu nguzo iliyosimama. Mimi, mwenye jengo jipya la mashine ya kusaga mahindi hapa Kisenyi, Kampala, nimejaaliwa kuishi na nguzo iliyolala, na kwa kuinyamazia ningekuwa nimedhulumu fadhila zake. Ni gogo la mkalitusi lililotiwa dawa ya mchwa, likabwagwa mlangoni pangu baada ya mimi kujaza fomu ya kuomba umeme, kupeleka cheti cha fundi mwenye leseni, kukaguliwa, kuletewa makadirio ya fezi tatu, na kuyalipa siku ile ile.

Haimwangukii mtu, madhali imekwisha kuanguka. Haina shoti. Radi haina habari nayo.

Lakini karama yake iliyo kuu ni kuwa baraza. Alfajiri hukaliwa na vijana wa bodaboda wakingojea abiria. Jua likipanda, muuza rolex huegemeza kwake gunia la makaa, na wateja wake hula chapati na mayai wakiwa wameipanda mithili ya farasi. Adhuhuri wachukuzi wa magunia huinyooshea migongo. Na jioni wazee hukutana juu yake kuzihukumu serikali zote za dunia, wala hapana hata mmoja aliyepata kuambiwa ainuke ampishe mwenziwe. Malkia Elizabeth alipolifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja mwaka 1954, nani angebashiri kuwa umeme ungetuzalia kiti adhimu namna hii?

Ole wangu, makalio hayo yameifuta namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe penye kitako cha nguzo. Na afisa wa umeme alipokuja mara ya tatu, aliinama, akasugua kwa kidole, akaketi, akaandika daftarini kuwa nguzo haikuonekana. Ameikalia, jamani, huku akiandika!

Hapa taadhima yanitoka. Bwawa la Karuma, la megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024. Serikali imepata kulipia hata umeme usiotumika. Ilhali mimi nasaga kwa dizeli. Benki ya Dunia, ilipokuwa ikizipima nchi kwa wepesi wa kuunganisha umeme, ilitumia ghala la kubuni, na hiyo ilikuwa hekima, kwa kuwa ghala la kubuni halidaiwi mkopo.

Juzi alinijia kijana mmoja, katika wale waungao umeme kwa mlango wa nyuma, ambao hapa huitwa kamyufu. Aliketi juu ya nguzo, akaniahidi mwanga kabla ya Jumamosi. Nilipomuuliza amelijuaje shauri langu, alinitajia namba ya faili langu pasipo kukosea tarakimu moja. Faili lile lile ambalo ofisini limetafutwa wiki sita lisionekane.

Nilimtazama yeye, nikaitazama nguzo. Katika wote walioingia katika shauri hili, gogo peke yake halijaniomba chai.